Sentimita Tatu Nyuma

Jumamosi asubuhi, juu ya kilima kinachotazamana na machimbo ya mawe, niliipokea bunduki kutoka kwa koplo wangu, nikaiegemeza begani na kutazama ndani ya darubini yake. Mtaalamu wa alama za vidole alikuwa amekwisha kuipitia na hakupata chochote. Ilikuwa imepanguswa kwa kitambaa chenye mafuta kuanzia mtutu hadi kitako. Niliuona mlango wa ofisi ya meneja, mita mia tano kutoka pale, nikauona hata uchakavu wa kitasa chake. Duara lilikuwa limejaa, jeupe, bila kivuli pembeni. Nikasema, "Darubini nzima," koplo akaandika hivyo, na bunduki ikafungwa kwenye mfuko wa vielelezo. Sikujiuliza ilikuwaje bunduki ya mtu anayekaribia urefu wa mita mbili initoshee mimi, nisiyefika mita moja na sitini, bila hata kunyoosha shingo. Nilikuja kujiuliza swali hilo Jumapili saa tano, na kufikia wakati huo mwenye bunduki alikuwa amekwisha kulala mahabusu usiku mmoja.

Mwenye bunduki alikuwa mwalimu wa shabaha katika klabu iliyo upande wa pili wa kilima. Kwa sababu ya urefu wake watu wote walimwita Mlingoti, na hata kwenye orodha ya zamu za klabu jina lililoandikwa lilikuwa hilo. Wiki mbili kabla alikuwa amegombana na meneja wa machimbo mbele ya wanachama, kwa kuwa baruti za machimbo zilikuwa zikipasua ukuta wa uwanja wa kulengea. Jumamosi saa moja na dakika kumi asubuhi, meneja alipigwa risasi mbili akiwa anafungua ofisi. Ya kwanza iligonga ukuta. Ya pili ilimuua. Saa mbili bunduki ya Mlingoti ilikutwa chini ya kichaka, na maganda mawili ya risasi kando yake. Mtunza ghala la silaha wa klabu aliandika maelezo kwamba alimkabidhi Mlingoti bunduki hiyo saa kumi na mbili. Mlingoti aliandika kwamba hakuigusa tangu Jumanne, na kwamba saa ile alikuwa mwisho wa uwanja, peke yake, akipaka rangi mbao za shabaha. Neno la mmoja dhidi ya neno la mwingine, na bunduki ikiwa upande wa yule wa kwanza.

Jumatatu saa tatu alitakiwa kufikishwa mahakamani kwa shitaka la kuua kwa kukusudia. Shitaka hilo halina dhamana. Mtu aliyesomewa Jumatatu husubiri rumande miaka miwili, pengine mitatu, kabla hajasikilizwa, na wakati huo kazi hupata mtu mwingine.

Jumapili saa tatu mke wake alikuja kituoni na blanketi mkononi. Koplo alimpa kiti, naye hakukaa.

"Afande, mmemhoji baba?"

"Baba yupi?"

"Baba yangu mimi. Yule fundi bunduki wa nyuma ya stoo ya saruji. Ndiye aliyeifunga ile darubini. Ni mpya, bunduki ilikuwa kwake wiki nzima, imetoka Jumatano."

Mlingoti hakuwa amelitaja hilo, nasi hatukuwa tumeuliza.

"Baba yako na mumeo wanaelewana?"

"Hapana," alisema bila kusita. "Tangu posa. Baba hatakwambia zuri hata moja juu ya mume wangu, usitegemee. Lakini juu ya skrubu hawezi kudanganya. Mengine yote sikuapii, ila skrubu, hapana."

Nilimwahidi kwamba blanketi litafika. Kisha nikasaini kitabu cha vielelezo, nikaitoa bunduki, na mimi na koplo tukaenda.

Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha kubwa upande wa kaskazini. Katikati palikuwa na meza ya chuma iliyofungwa sakafuni kwa boliti, na kwenye kila kona ya meza hiyo palikuwa na pima maji dogo lililogandishwa kwa gundi, kiputo kikiwa kimetulia katikati ya kila moja. Ukutani palikuwa pamepakwa chokaa, na mbele ya chokaa ilining'inia timazi, uzi mweusi na donge zito la madini ya risasi chini yake, haitikisiki. Fundi mwenyewe alikuwa mzee mfupi, kifua kipana, shingo karibu hana, na jicho lake la kulia lilikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho. Alinitazama kwa la kushoto, kutoka juu hadi chini. Safari hiyo haikuwa ndefu.

"Karibu, Inspekta. Nilidhani polisi wana kipimo cha urefu."

"Walikuwa wamechoka siku hiyo, mzee."

Alicheka kidogo, akatukaribisha kwa mkono.

Nilikuwa nimekwisha kuhesabu mambo kichwani kabla sijaketi. Bunduki ilikuwa kwake. Vifaa anavyo. Mkwe wake hampendi, na mtu asiyempenda mkwe wake anaweza kupenda kumwona rumande. Kwa hiyo nilianza na hilo.

"Jana saa moja asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hospitali, kliniki ya macho. Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tano." Alifungua droo na kunipa kadi. Muhuri wa mapokezi ulikuwa wa saa kumi na mbili na dakika arobaini. "Nilikuwa wa tatu kwenye foleni, nikatibiwa wa tisa. Wewe unajua. Sisi tukisimama foleni, watu wanadhani kuna nafasi, wanaingia."

Koplo aligeuka dirishani ili asionekane anacheka. Nilinakili namba ya kadi. Baadaye muuguzi wa zamu alithibitisha, hata akakumbuka malalamiko yake. Fundi akawa ameondoka kwenye hesabu yangu, nami nikabaki na bunduki tu.

"Simpendi yule kijana," alisema, kama aliyesikia nilichokuwa nawaza. "Anaongea akiwa na chakula mdomoni, halafu binti yangu anamcheka, anaona ni jambo zuri. Lakini hilo si kosa la jinai. Nipe hiyo bunduki. Kwanza chumba cha risasi."

Koplo alivuta boliti, lile komeo la chumba cha risasi, akamwonyesha chumba kitupu. Mzee aliingiza kidole kuhakikisha, kisha akailaza bunduki kwenye vishikizo viwili vya mbao mezani. Nilitarajia atatazama ndani ya darubini. Hakutazama. Alichukua rula ndefu ya chuma, akaweka ncha yake mwisho wa kitako, akasoma mahali kioo cha nyuma cha darubini kilipofika.

"Ishirini na nane," alisema.

Akapima tena. Akavuta daftari lenye jalada gumu, akafunua ukurasa wa juma lile, akanisogezea. Kulikuwa na tarehe ya Jumanne, neno *Mlingoti*, na chini yake: *31*.

"Nani ameigusa?"

"Kwetu hakuna. Imo kwenye mfuko tangu jana."

"Basi imeguswa kabla ya mfuko."

"Lakini mistari yako ipo," nilimwambia. Nilikuwa nimeiona tangu kilimani: mstari mwembamba mweupe ulioanzia kichwa cha kila skrubu na kuishia kwenye pete inayoshika darubini. Skrubu ikizunguka hata kidogo, mstari hukatika. Yote minane ilikuwa imenyooka. Mistari hiyo ndiyo iliyonifanya niamini kwamba darubini haijafunguliwa tangu itoke kwa fundi.

Mzee alilowesha pamba kwa spiriti, akasugua mstari wa kwanza. Haukutoka. Akasugua wa pili.

"Mimi natumia ule wino mweupe wa ofisini, wa kufutia makosa. Unakauka haraka, na ukitaka kufungua unapangusa, umekwisha. Hii ni rangi ya mafuta, ya kupakia milango." Aliinama, akaonyesha kwa ncha ya sindano. "Na hapa, ona, chini ya rangi yake kuna mabaki ya wino wangu, yamegeuka kwenda upande mwingine. Alifungua, akakaza, akapaka juu. Ametunza adabu, ila hakuuliza mwenyeji anatumia nini."

Kisha akanionyesha bomba la darubini. Sentimita tatu nyuma ya pete palikuwa na alama hafifu za mbano, maduara mawili yaliyofifia. Pete zilikuwa zimeshika pale awali. Mtu alizilegeza, akaivuta darubini nyuma kuelekea usoni, akazikaza upya.

"Kwa nini mtu avute darubini nyuma sentimita tatu?"

"Koplo," mzee alisema, "njoo hapa, wewe mwenye miguu mirefu."

Koplo alikuwa mrefu, ingawa hakumfikia Mlingoti. Mzee alimlaza kwenye mkeka wa mpira sakafuni, akamwekea bunduki kwenye mfuko wa mchanga, mtutu ukielekea ukutani.

"Funga macho. Weka shavu pale linapotaka lenyewe, usilifundishe kazi. Pumua. Sasa fungua."

"Naona kama natazama kwenye bomba, mzee. Duara dogo, halafu giza pembeni linachezacheza."

"Na kioo?"

"Kinakaribia kunigusa nyusi."

"Ukifyatua hivyo itakurudi, na huyu ng'ombe anarudi kweli. Itakukata juu ya jicho, nusu duara, damu hadi mdomoni. Utafika nyumbani, mkeo hata hatauliza ulikuwa wapi."

"Sina mke, mzee."

"Basi leo usitafute." Akanigeukia. "Mwanangu, hebu lala wewe."

Nililala. Nilifumba macho, nikaweka shavu, nikafumbua. Duara lilikuwa limejaa, jeupe, bila kivuli. Nikawa nimeona kwa mara ya pili kile nilichokiona Jumamosi, na mara hii nilikielewa.

"Kufunga darubini si kukaza skrubu," alisema mzee, akiwa amesimama juu yangu na rula mkononi. "Ni kama kushona suti. Mtu mwenye shingo ndefu, shavu lake linaangukia mbele, kwa hiyo darubini unaisogeza mbele. Sisi wa shingo fupi tunaangukia nyuma, nayo inatufuata nyuma. Nilimlaza yule kijana hapo ulipo wewe, mara tatu, nikapima. Thelathini na moja. Hiyo ya sasa ni suti ya mtu mwingine."

Niliinuka, nikamwomba koplo jalada. Ndani yake mlikuwa na fomu ya daktari aliyempima Mlingoti Jumamosi saa nne, chini ya saa tatu baada ya tukio. Nilikuwa nimeisoma mara moja na kuipita kwa kuwa haikuwa na jambo. Kwenye mstari wa uso na kichwa daktari alikuwa ameandika: *hakuna jeraha, mchubuko wala uvimbe.* Risasi mbili zilikuwa zimefyatuliwa kutoka kwenye bunduki ile, jambo ambalo maabara ilikwisha kulithibitisha.

Nilimsomea mzee mstari huo kwa sauti. Alitikisa kichwa.

"Haitoshi. Wakili wa serikali atasema alijivuta nyuma, akajihadhari."

"Ajihadhari na kitu alichokivuta mwenyewe? Kwake ilikuwa imekaa sawa. Angeiacha tu."

"Haya. Hilo hata mimi nisiyempenda nalikubali." Alikuna kidevu. "Ngoja lakini. Kuna jingine, na hili linaniudhi zaidi."

Aliirudisha bunduki kwenye vishikizo, akaweka pima maji juu ya reli, yaani lile bapa la chuma lililo juu ya bunduki ambalo pete hufungwa juu yake, akaisawazisha hadi kiputo kikatulia. Kisha akaniambia nitazame timazi kupitia darubini. Uzi mweusi ulishuka wima mbele ya chokaa; msalaba wa darubini haukuwa sambamba nao. Ulikuwa umeinama, kidogo sana, kama picha iliyoning'inizwa na mtu mwenye haraka.

Mzee alipima kwa kipimapembe.

"Nyuzi mbili. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo mtu alipojiandika jina. Kazi hii ina hatua mbili. Kwanza unaisawazisha bunduki, halafu unaisawazisha darubini juu yake. Huyu hakukosea kwa mkono mbaya, amekaza vizuri, nguvu ile ile kila skrubu. Alichokosea ni kuruka hatua ya kwanza. Aliweka bunduki mezani, akaamini meza iko sawa, akaenda moja kwa moja kuipima darubini. Darubini ikawa sawa na dunia, bunduki ikabaki sawa na meza."

"Kwa hiyo meza imeinama nyuzi mbili."

"Fundi hana meza iliyoinama. Katafute mtu asiye fundi."

Kabla ya kwenda popote nilirudi kituoni. Mlingoti alikuwa amejifunika blanketi mabegani, miguu yake ikifika ukuta wa pili wa chumba. Nilimuuliza jambo moja: kwa nini alipaka rangi mbao Jumamosi, siku isiyo ya kazi hiyo.

"Ijumaa nilikuta matundu sita mapya kwenye ubao wa mita mia tano," alisema. "Hakuna aliyejiandikisha kwenye kitabu. Nikajua kuna mwanachama mvivu amepiga jioni, akaondoka."

"Matundu yalikaaje?"

"Mawili chini kushoto, mawili yamepanda, mawili katikati kabisa. Mtu alikuwa analenga upya." Alijivutia blanketi. "Darubini ikifunguliwa lazima ulenge upya, la sivyo huipati hata nyumba."

"Ulimwambia nani?"

"Mtunza ghala. Akanipa kopo la rangi, akaniambia nianze alfajiri ya Jumamosi, kabla wanachama hawajafika."

Alikuwa amelisema hilo kwa sauti ya kawaida. Nilimwona akilirudia kimoyomoyo, midomo ikitikisika, kisha akanitazama. Nilimwacha nalo, kwa sababu bado sikuwa nimepima meza ya ghala.

Ghala la silaha la klabu lilikuwa na mlango wa chuma na dirisha moja la nondo. Tulifika saa nane mchana. Mtunza ghala alitupokea mlangoni akiwa amevaa shati lililopigwa pasi. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mpole, mwenye mikono misafi kuliko kazi yake, na tuliposimama ana kwa ana macho yetu yalikuwa kwenye usawa mmoja. Bunduki zilipangwa kwenye rafu, na juu ya kila nafasi palikuwa na namba nyeupe iliyopakwa kwa uangalifu.

"Rafu zako zinapendeza," nilimwambia.

"Mali isipotunzwa hupotea, afande."

"Hizi namba ni rangi gani?"

"Ya mafuta. Haifutiki hii, hata kwa petroli hutoi."

Koplo aliandika.

Meza yake ilikuwa chini ya dirisha. Ilikuwa imevikwa bati, na miguu ya upande mmoja ilisimama juu ya vipande vya mbao. Upande wa pili bati lilikunjwa likawa mfereji mdogo, na chini ya mfereji palikuwa na kopo.

"Na hii?"

"Nimeitengeneza mwenyewe. Tunaposafisha, mafuta yanateremka yenyewe, hayagandi mezani. Mwaka wa kumi sasa. Wageni wote wanaisifu."

"Hujawahi kuona usumbufu wa kufanyia kazi kwenye meza iliyoinama?"

Aliitazama meza kana kwamba nimemwambia ana kidole cha sita.

"Haijainama, afande. Imenyanyuliwa kidogo tu upande mmoja. Ukizoea huioni."

Nilimwomba arudie maelezo yake ya Jumamosi, naye akayarudia neno kwa neno. Mlingoti alikuja saa kumi na mbili. Alichukua bunduki. Hakusema anakwenda wapi.

"Wewe ndiye uliyeifuata kwa fundi Jumatano?"

"Mimi, ndiyo. Mwalimu alikuwa na wanafunzi."

"Uliitazama darubini mpya?"

"Hapana. Mimi natunza tu. Sijawahi kuweka jicho pale."

"Wala kuifungua?"

"Nifungue ya nini, afande?"

Koplo alileta bunduki. Nilivuta boliti, nikaonyesha chumba kitupu, kisha nikailaza kwenye vishikizo vilivyofungwa juu ya meza ile ya bati, mtutu ukielekea ukutani. Fundi alikuwa ameniazima pima maji, dogo kama kidole gumba. Nililiweka kwanza juu ya reli ya bunduki. Kiputo kilikimbilia upande, kikakaa pembeni.

"Bunduki imelala," nilisema.

Mtunza ghala alisogea karibu.

Nikalihamisha, nikaliweka juu ya darubini. Kiputo kilitikisika, kikarudi nyuma kidogo, kikatulia katikati kabisa ya mistari miwili.

"Kwa fundi, juu ya meza iliyo sawa, kiputo hiki kinakimbia," nilimwambia. "Kituoni, juu ya meza yangu, kinakimbia. Nimejaribu hata kwenye boneti ya gari. Hapa kinatulia. Darubini hii ilifungwa juu ya meza hii, na mtu aliyedhani meza hii iko sawa. Halafu akapaka mistari kwa rangi isiyofutika."

Alikitazama kile kiputo. Kisha alifanya jambo ambalo sikulitegemea: aliinama hadi macho yake yakawa sambamba na uso wa meza, akafumba jicho moja, akautazama ukingo wake dhidi ya ukingo wa dirisha.

"Imeinama kweli," alisema polepole.

"Ni nyuzi mbili."

"Miaka kumi." Aliketi kwenye kigoda, akapangusa viganja kwenye suruali. "Ningeirudisha ilivyokuwa. Nilitaka kuirudisha. Lakini kule juu nisingeweza kufungua skrubu nane na watu wanapiga kelele."

Koplo alimsomea haki zake. Alisikiliza hadi mwisho kwa adabu, akasema ameelewa, na akaomba maji. Baada ya kunywa alieleza. Kamati ya klabu ilikuwa imemteua meneja wa machimbo, ambaye pia alikuwa mwanachama, kuhakiki ghala. Meneja aligundua kwamba maboksi arobaini ya risasi yaliyoandikwa kwenye daftari hayakuwepo rafuni, akampa hadi Jumamosi saa mbili aseme yalikokwenda, la sivyo angeleta polisi. Mahali yalikokwenda alipataja baadaye, na hilo likawa jalada jingine.

"Ulijuaje kwamba atafungua ofisi saa ile?" nilimuuliza.

"Kila mtu hapa anajua. Anafungua mwenyewe, saa moja, hata Jumamosi."

"Na Mlingoti, alikukosea nini?"

Aliwaza swali hilo kwa dhati, kama mtu anayetafuta ufunguo katika shada kubwa.

"Hakunikosea kitu," alisema. "Bunduki yake tu ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote."

Tulipima meza, tukaipiga picha pande nne, tukachukua kopo la rangi na bisibisi ndogo iliyokuwa kwenye droo ya pili, ambayo ncha yake ililingana na mikwaruzo iliyokuwa kwenye vichwa vya skrubu. Maelezo yake yalijaza kurasa kumi na moja. Alizisaini moja moja, kwa mwandiko mzuri, na alipokuta neno limekosewa aliomba lirekebishwe kabla ya kusaini. Jua lilikuwa bado juu tulipofunga mlango wa ghala na kuupiga lakiri.

Jumatatu saa tatu shitaka dhidi ya Mlingoti halikusomwa. Wakili wa serikali aliliondoa, hakimu akaandika mstari mmoja, na saa nne kasoro robo Mlingoti alitoka kwa mlango wa mbele pamoja na mke wake. Mtunza ghala alisomewa lake Alhamisi. Ghala la klabu lilikaa limefungwa miezi minne, na lilipofunguliwa liliwekewa makufuli mawili, yenye funguo mbili zinazoshikwa na watu wawili. Mlingoti hakurudi kufundisha. Mwezi uliofuata alianza kazi katika karakana ya baba mkwe wake, na yupo huko hadi sasa.